Passau hadi Vienna kwa Baiskeli: Yeye Mbio, Mimi Polepole

Baba Zuhura ana baiskeli nne. Moja ina uzito wa kilo saba na nusu na hairuhusiwi kulala nje ya chumba. Mimi ninayo moja, ya kwendea sokoni, ina kikapu mbele na kengele ya muuza lambalamba. Tunaishi Munich mwaka wa kumi na sita sasa. Yeye ni wa Lushoto, mimi ni wa Tanga mjini, kwa hiyo jiografia ilishatuamulia nani atapenda milima.

Lakini asiniambie mtu kwamba sijui baiskeli. Tanga baiskeli ni nyingi kama kuku, na marehemu baba alikuwa fundi baiskeli pale Ngamiani. Nilianza kuziba pancha kabla sijajua kusoma saa. Ninachokosa ni miguu na mapafu.

Safari ya kwanza ya namna hii tulikwenda miaka miwili iliyopita, kwenye milima ya Tirol. Alichagua yeye. "Usiogope, Mama Zuhura, nimekukodia ya umeme." Kweli, kupanda nilipanda. Mota za baiskeli hizi barani Ulaya zina wati 250 na zinaacha kusaidia ukifika mwendo wa kilomita 25 kwa saa, lakini mlimani nani anafika huko? Nilimpita kwenye kona ya tatu akihema, nikampungia mkono. Kisha tukafika juu, na ya juu ni lazima uyashuke. Mota hupanda kwa niaba yako, haishuki kwa niaba yako. Kilomita kumi na moja nilizishuka nimekaba breki zote mbili mpaka vidole vikafa ganzi, chini yangu chuma cha kilo ishirini na tano kinataka kukimbia. Bondeni nikamkuta amemaliza kahawa ya pili. Kuniona tu, akavaa kofia yake: "Haya, twende."

Hiyo "haya, twende" niliirudia kichwani mwaka mzima. Piga hesabu mwenyewe: wa mbele akifika kituoni anapumzika dakika ishirini akimngoja wa nyuma. Wa nyuma akifika, safari inaanza tena. Mwenye nguvu kutwa anapumzika, asiye na nguvu hapumziki hata mara moja. Nikasema safari ijayo nachagua mimi.

Yeye alipendekeza Mallorca, kisiwa wanakofanyia mazoezi waendesha baiskeli wa mashindano. Nikakataa kabla hajafungua picha. Mimi nilikuwa nasitasita kati ya njia ya mto Loire kule Ufaransa, ambayo ina kilomita kama 900 na unachukua kipande unachokiweza, na ile ya mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna. Danube ikashinda kwa sababu za kifundi. Passau iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari na Vienna kama 160. Mita 140 zimegawanywa kwenye kilomita zaidi ya mia tatu. Huo ni mteremko ambao hata maji yanaufikiria kwanza. Upepo mara nyingi hutoka magharibi, yaani mgongoni mwako. Sehemu kadhaa reli iko karibu na mto, kwa hiyo aliyechoka hupanda treni. Na pande zote mbili za mto kuna vilima kwa ajili ya wenye wazimu wao.

Nikapigia simu kampuni tatu za safari za kuongozwa. Ya kwanza iliniambia safari yao ni ya "kiwango cha wastani". Nikauliza, wastani wa nani? Hawakuwa na jibu. Ya pili walisema kundi zima hukaa pamoja siku nzima, nikajua kwamba mimi nitakufa kwa aibu na Baba Zuhura atakufa kwa kuchoshwa. Ya tatu alipokea mwanamke, akaniuliza yeye kwanza: "Kati yenu, nani huwa anamsubiri mwenzake?" Akaeleza kwamba kila siku wana njia mbili, fupi na ndefu, lakini mahali pa chakula cha mchana ni pamoja. Gari la mizigo linafuata nyuma na lina nafasi ya watu na baiskeli. Nikalipa siku hiyohiyo.

Siku ya 1: Passau hadi Schlögen, kilomita 42

Tulifika jana jioni kwa treni. Asubuhi kiongozi wetu, mwanamke wa Linz mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, akatupanga mstari kupima viti. Kiti changu kikapandishwa sentimita nne. Nilikuwa nakanyaga pedeli magoti yakinigonga kidevu na nikidhani ndivyo ilivyo.

Tuko kumi na wanne, na karibu wote ni jozi zisizolingana. Kuna bibi Mholanzi wa miaka sitini na kitu, miguu kama ya farasi, na mumewe aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, yuko kwenye ya umeme. Kuna mtu na mkewe kwenye baiskeli moja ya viti viwili. Mke macho yake yamebakiwa na nuru kidogo sana, anakaa nyuma. Kuna vijana wawili wa fungate ambao hawajui bado kama hawalingani.

Passau inakutanisha mito mitatu: Ilz mweusi kutoka msituni, Inn wa rangi ya kijani uliochanganyika na vumbi la milima, na Danube katikati. Kiongozi akasema Inn huleta maji mengi kidogo kuliko Danube, ila baada ya kukutana jina linalobaki ni la Danube. Nikamtazama Baba Zuhura. Akajifanya anakagua cheni. Kwenye ukuta wa jengo la manispaa wamechora alama za mafuriko. Ile ya Juni 2013 ni ya mita 12.89, na ilikuwa haijapitwa tangu 1501. Iko juu ya kichwa changu sana.

Kabla ya kuondoka tukapewa sheria moja tu. Kila kituo, anayefika mwisho ndiye anayesema tuondoke. Wote wakacheka, Baba Zuhura naye akacheka.

Njia ni lami safi, msitu mkono wa kushoto, mto mkono wa kulia. Pale Jochenstein unapita bwawa la umeme na uko Austria, hakuna hata askari wa kukuuliza habari yako. Schlögen mto unagonga mwamba mgumu wa granaiti na kugeuka kurudi karibu ulikotoka. Kuuona vizuri lazima upande kwa miguu, nusu saa ya njia ya mawe. Nikapanda na raba zangu. Mume wangu viatu vyake vina chuma chini cha kubanana na pedeli, akawa anatembea kama mbuzi kwenye vigae. Njiani nilimsubiri mara tatu. Juu tukakaa tukiutazama mto ukijikunja kama chatu aliyeshiba, na hakuna aliyesema lolote kuhusu viatu.

Siku ya 2: Schlögen hadi Linz, kilomita 47

Ottensheim tulivuka kwa pantoni isiyo na injini. Imefungwa kwa waya uliovuka mto juu, nahodha anaigeuza kidogo ubavu, mkondo wenyewe unaisukuma hadi ng'ambo. Nilikumbuka foleni ya Kigamboni nikacheka peke yangu.

Kilomita za mwisho kuingia Linz zina magari pembeni, kelele tupu, sizisifii. Lakini jioni ndiyo iliyonifundisha jinsi safari hii ilivyopangwa. Juu ya mji kuna kilima cha Pöstlingberg, mita 539, chenye kanisa la minara miwili. Njia ndefu ya leo inamalizikia huko. Wenye miguu wanapanda kwa pedeli. Sisi wengine tunapanda tramu kutoka uwanja mkubwa wa mji. Tramu hiyo ilianza mwaka 1898 na inapanda mwinuko unaofika asilimia 11.6 kwa magurudumu ya kawaida tu, bila meno wala kamba. Mimi na yule mzee wa moyo tukakaa dirishani. Kwenye kona moja nikamwona Baba Zuhura chini yetu, amesimama juu ya pedeli, jasho linamchuruzika, nyuma yake mita chache yule bibi Mholanzi anakuja taratibu kabisa.

Tulifika kabla yao kwa dakika nne. Nikampokea na koni ya aiskrimu. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu kijana wetu alipomaliza shule. Kwa mara ya kwanza alipanda kilima chake chote bila kugeuka nyuma kunitafuta, na mimi sikuwa nikitafutwa. Alipata pancha wakati wa kushuka, akabadilisha tyubu gizani. Akabakiwa na moja ya akiba.

Siku ya 3: Linz hadi Grein, kilomita 62

Mvua. Na upepo, kwa ukaidi wake, ukatoka mashariki, usoni.

Baba Zuhura akasema, "Kaa nyuma ya gurudumu langu, nikukinge." Nia njema. Shida ni kwamba mwendo wake wa kukinga mtu ni kilomita 22 kwa saa na wa kwangu siku kama hiyo ni 16. Nikashikilia dakika tano, nikaachwa. Akapunguza, nikamfikia, akasahau, akaongeza. Mara ya nne nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Naye akasema la kwake, kwamba amelipia likizo siyo mazishi. Tukaenda kilomita nane bila kusemezana, na kwenye kituo cha chai hakungoja. Aliondoka na wale wa njia ndefu. Sheria ya kiongozi ilivunjika siku ya tatu, na aliyeivunja ni wa kwangu.

Mauthausen iko njiani. Kijiji kizuri cha mtoni, na juu yake kilimani ndiko ilikokuwa kambi ya mateso ya Wanazi, kuanzia 1938 hadi Wamarekani walipofika Mei 1945. Watu kama 190,000 walifungwa katika kambi hiyo na matawi yake. Wasiopungua 90,000 walikufa. Kiongozi hakumlazimisha mtu. Gari liliwapandisha waliotaka. Nikamkuta Baba Zuhura amesimama kwenye machimbo ya mawe, chini ya zile ngazi 186 ambazo wafungwa walizipanda na mawe mgongoni. Tukasimama wawili. Ugomvi wetu ulikuwa mdogo sana pale, hakuna aliyeutaja.

Baada ya hapo niliingiza baiskeli kwenye gari, sikuona aibu. Dereva alikuwa na chupa ya chai ya tangawizi. Nimeandika hili kwa ajili ya anayechagua: ulizia gari, na ulizia kama kulipanda kunahesabiwa ni jambo la kawaida. Kwenye kundi letu hadi siku ya mwisho tulilipanda watu tisa kati ya kumi na wanne, akiwemo bwana harusi.

Siku ya 4: Grein hadi Melk, kilomita 50

Jua. Usiku tulizungumza, kwa sauti ndogo, kuta za hoteli ni nyembamba. Tulichokubaliana: asinikinge upepo, asinisukume mgongo, asiniulize "uko sawa?" kila kilomita. Aende zake. Tukutane panapoliwa.

Grein wana jumba dogo la maonyesho la mwaka 1791. Viti vyake vya mbao hukunjwa na kufungwa kwa ufunguo, mwenye tiketi ya msimu alikuja na ufunguo wake. Choo kiko mlemle ukumbini, nyuma ya pazia, ili usikose mchezo. Nilitaka kuuliza kuhusu harufu, Baba Zuhura akanikanyaga mguu.

Nilipiga pedeli sehemu kubwa ya siku pembeni ya ile baiskeli ya viti viwili. Mke ndiye anayetangaza: "Mpunga? Hapana, mahindi. Mbwa kulia. Mto umetanuka." Anasikia mwangwi unavyobadilika. Nikamuuliza kama hachoki kuwa nyuma kila siku. Akasema, "Kwetu hakuna anayemsubiri mwenzake. Tukigombana, tunagombana hapohapo."

Melk unaiona kutoka mbali, monasteri ya rangi ya njano juu ya mwamba. Wabenediktini wako pale tangu 1089, ingawa jengo lenyewe la sasa ni la karne ya kumi na nane mwanzoni. Nilikuwa nimechoka, maktaba yao niliitembelea nikifikiria beseni la maji moto.

Siku ya 5: Melk hadi Krems, kilomita 38

Hii ndiyo siku ya kuikumbuka. Bonde la Wachau, ambalo liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, ni kilomita thelathini na kitu za mizabibu iliyopandwa kwa ngazi, kila ngazi imeshikiliwa na ukuta wa mawe yasiyo na saruji. Mtu wa Usambara anazijua ngazi za shamba. Baba Zuhura alisimama kila baada ya dakika kumi kupiga picha kuta. Kuta! Mara ya kwanza katika maisha yetu nilimpita kwenye tambarare.

Ni mwanzo wa Septemba, aprikoti za bonde hili zimeshaisha mitini, zimebaki za jamu. Zabibu ndizo zinaanza kuvunwa. Wenzetu walikunywa ile divai changa inayochacha bado, sisi tukaagiza juisi ya zabibu, nzito, tamu kama tende. Njia inapita Willendorf, ambako mwaka 1908 kilichimbuliwa kile kisanamu cha mwanamke mnene, sentimita 11 tu kwa urefu, cha miaka karibu 30,000. Nilisimama mbele ya mfano wake mkubwa nikajisikia nimewakilishwa.

Karibu na Weißenkirchen, pancha. Siyo yangu. Mwenye kilo saba na nusu. Akatoa tyubu yake ya mwisho, na kwa haraka akaibana na kile cha kuvulia tairi, ikatoboka. Gari lilikuwa limetangulia Krems. Nikaomba kwa kiongozi kile kikopo chake cha msasa, viraka na solusheni. Nikashuka mtoni, nikaijaza tyubu pumzi, nikaizamisha, nikatafuta viputo. Danube yote hii ikawa beseni la fundi. Nikasugua, nikapaka solusheni, nikaiweka chini kwenye jua.

"Bandika basi," akasema.

"Bado."

Baba alitufundisha: solusheni ikikunata kidoleni, bado, ikikataa kidole, tayari. Dakika tano ni ndefu sana kwa mtu wa Lushoto aliyevaa nguo za kubana. Alikaa, akasimama, akakaa. Mwishowe akaanza kuniuliza habari za baba, duka lake lilikuwaje, mteja wa kwanza asubuhi alikuwa nani. Miaka ishirini na mbili ya ndoa na hakuwahi kuuliza. Baba alifariki kabla hawajaonana. Nikamweleza kuhusu beseni la bluu lililopasuka ukingo, na wavuvi waliokuja na matairi yaliyoliwa na chumvi.

Kiraka kikashika. Nikafunga tairi, nikajaza upepo, nikavaa kofia. Nilitaka kujizuia, nikashindwa.

"Haya, twende."

Dürnstein tuliipita jioni. Juu kuna magofu ya ngome ambamo Richard, mfalme wa Uingereza, alifungwa majira ya baridi ya 1192, na baadaye akakombolewa kwa fedha nyingi. Yeye alipanda kuiona. Mimi nilikaa chini nikala keki, na niliona raha zetu zinalingana.

Siku ya 6: Krems hadi Tulln, kilomita 45

Matako. Hakuna mwongozo wa safari unaoyataja inavyostahili. Siku ya sita unajua kila mfupa unaogusa kiti. Suruali yenye sponji ni muhimu kuliko gia zote 24, na chupi haivaliwi ndani yake; hilo nililijua siku ya nne kutoka kwa yule Mholanzi, na ningemshukuru kwa mbuzi.

Bonde limefunguka, tambarare, mistari mirefu ya kunyooka. Tulipita Zwentendorf, kinu cha nyuklia kilichojengwa kikakamilika na hakijawahi kuwashwa: tarehe 5 Novemba 1978 Waaustria walipiga kura, asilimia 50.5 wakakataa. Kimesimama pale kama gari jipya lililokosa funguo. Baba Zuhura na wenzake wa njia ndefu walikuwa wamezunguka vilimani, tukakutana kwenye chakula. Alikuwa amekwisha kuagiza samaki wangu, na kuwaeleza kwamba mafuta ya nguruwe hapana.

Siku ya 7: Tulln hadi Vienna, kilomita 38

Upepo mgongoni mwishowe, ule tulioahidiwa. Kundi la mbio likaruka asubuhi na mapema na Baba Zuhura humo, sikuwaona tena baada ya dakika kumi. Nilikwenda na wale wa viti viwili na mzee wa moyo, tukiimba ovyo. Klosterneuburg tukala maandazi ya jamu. Kila mtu alijua ni siku ya mwisho, na sisi wa nyuma hatukuwa na haraka ya kuimaliza.

Nussdorf ndipo mfereji wa Danube unapoachana na mto kuingia mjini. Kuna lango la maji la mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, kazi ya Otto Wagner, na simba wawili wa shaba wakubwa wamekaa juu ya nguzo wakitazama mto unakotoka. Wale wa mbele walikuwa wamekwenda zao hotelini. Chini ya simba wa kulia alikuwepo mtu mmoja na baiskeli yake.

"Umefika saa ngapi?"

"Kama dakika arobaini."

"Hujaenda kunywa kahawa?"

"Wewe ndiye wa mwisho," akasema. "Wewe ndiye unasema."

Nikaegemeza baiskeli ukutani. Nikakaa chini ya simba, nikavua viatu vyote viwili, nikamwomba chupa yake ya maji.